Ncha ya Mbele ya Fimbo

Hapo zamani, wala msiitafute mbali zamani hiyo, maana baadhi ya waliokuwepo bado wanachota maji wenyewe, palikuwa na kijiji kimoja cha Ugogo, nchi ya jua, vumbi na ng'ombe. Sogeeni karibu. Nikirudia neno msidhani nimesahau kuwa nimelisema. Nalirudia kwa hofu, kwa sababu mwisho nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie kuwa hapo hakusikia.

Kijiji hicho kilikuwa na sheria ya macho. Mtu akipofuka, alikatiwa fimbo ya mti wa mkole. Kipofu alishika ncha ya nyuma, na anayemwongoza alishika ncha ya mbele. Kama jicho liliharibiwa na mtu, mtu huyo ndiye aliyeshika ncha ya mbele: kisimani ng'ambo ya korongo, shambani, msibani, mpaka mmoja wao azikwe. Na kama kipofu alijiharibia mwenyewe, hakuna aliyeshika. Alitembea peke yake, ncha ya mbele ikigonga mawe.

Hiyo ndiyo sheria. Ishikeni.

Sasa, palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Mbumi. Mbumi alikuwa mjane, mwenye jicho moja. La kushoto lilikuwa limekwisha tangu ujanani, limeliwa na vikope. Mnaujua ugonjwa wa vikope? Huanza utotoni, kwa nzi na uso usiooshwa. Hupona ukarudi, hupona ukarudi, na kila ukirudi huacha kovu upande wa ndani wa kikope. Kovu likizidi hukaza, kama ngozi iliyoanikwa juani. Kikope hujikunja kwa ndani, na kope, zilizowekwa pale zilinde jicho, hugeuka zikalikwaruza. Ukipepesa, zinakwaruza. Ukilala, zinakwaruza. Mbumi alikuwa akisema, "Ni kama kufuga paka ndani ya jicho."

Jicho la kulia nalo lilikuwa na kope zilizogeuka. Lakini jicho la kulia lilikuwa na Sechelela.

Sechelela alikuwa dada wa marehemu mume wa Mbumi, yaani wifi yake. Alikuwa na kibanio kidogo cha chuma alichofuliwa na mhunzi, na kwa kibanio hicho aling'oa kope za wifi yake kila zilipoota. Asubuhi, jua likishapanda juu ya paa la nyumba ya tembe, Mbumi alijilaza akaweka kichwa mapajani mwa Sechelela, na Sechelela akainama.

"Tulia, wifi. Unatikisika kama ndama."

"Natikisika kwa sababu unanipumulia. Ulikula nini jana?"

"Nilikula mboga zako. Ndiyo maana harufu mbaya."

Walicheka, na kazi ikaendelea. Ilipokwisha, Mbumi aliuliza neno lile lile.

"Wifi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Safi?"

"Safi, kama uso wa mtoto aliyeogeshwa."

Mbumi alipepesa, hakusikia kitu, akainuka akaenda kupepeta uwele wake. Akaona punje, akaona makapi, akaona kuku anayenyemelea. Miaka ilipita hivyo. Jicho la kulia liliishi kwa sababu ya kibanio cha Sechelela. Neno hilo nalo lishikeni, maana mtalihitaji.

Basi siku moja ikaja habari kwamba wauguzi wa macho watafika zahanati. Anayeumwa vikope atafanyiwa upasuaji mdogo: kikope kinachanjwa, kinageuzwa nje kidogo, kinashonwa, na kope haziligusi jicho tena. Sindano ya ganzi, nyuzi kidogo, unarudi nyumbani siku ile ile.

Mbumi aliogopa. Sechelela alimwambia, "Nenda. Mimi si wa milele."

Na alfajiri ya siku hiyo Sechelela alifanya jambo la upendo. Alimwita wifi yake, akamlaza mapajani, akamng'oa kope kwa makini kuliko siku zote, moja baada ya moja, hata vile vichipukizi vya jana.

"Wifi, umemaliza?"

"Nimemaliza. Huwezi kwenda mbele ya mtaalamu na jicho lenye kope za hovyo. Atasema huna ndugu."

"Safi?"

"Safi, kama uso wa mtoto aliyeogeshwa."

Mbumi akaoga, akavaa kitenge cha sikukuu, akaenda.

Zahanati ilijaa. Watu walikaa mpaka nje ya uzio. Muuguzi aliyekuwa akipima aliitwa Chilewa, kijana mpole, shati limelowa jasho mgongoni. Alivaa miwani ya kukuzia, akashika tochi, akainua kikope cha Mbumi.

"Mbukwa, mama," alimwamkia Kigogo. "Angalia juu. Angalia chini." Akatazama. "Jicho hili halina ukope unaoligusa."

"Hakuna?"

"Hakuna hata mmoja. Nawa uso kwa maji safi, fukuza nzi, nenda salama. Anayefuata!"

Mbumi alitaka kusema neno. Alitaka kusema, "Zimeng'olewa leo asubuhi." Lakini anayefuata alikuwa amekwisha kukaa, na ndani ya kifua chake, mtu aliyekuwa akiogopa kisu alikuwa ameanza kufurahi. Akanyamaza, akaenda.

Naye Chilewa alikuwa amefundishwa. Alifundishwa kuwa wanawake wa nchi ile hung'oana kope, na kwamba ukiona jicho safi mno uangalie ukingo wa kikope utafute visiki vya kope, na umwulize mgonjwa swali moja: Je, unang'oa? Siku ile hakutafuta, wala hakuuliza. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa linashuka.

Mbumi alirudi nyumbani. Sechelela akamwuliza, "Wamekukata?"

"Wamesema jicho langu safi."

Sechelela akapiga makofi. "Si nilikwambia? Mikono yangu inawashinda!"

Wakacheka. Nawaombeni, msicheke nao.

Kwa sababu wakati huo ukungu ulikuwa umeanza kuingia machoni mwa Sechelela. Kwanza alidhani ni moshi wa jikoni, kisha akadhani ni vumbi la kiangazi. Akakaza macho na kuyafikicha, akamsema mjukuu wake kuwa taa haijafutwa kioo, na taa ilikuwa imefutwa. Ulikuwa mtoto wa jicho. Ndani ya jicho kuna lenzi iliyo angavu kama maji ya chemchemi, na uzeeni lenzi hiyo huweza kuvia ikawa kama maziwa. Haiumi, haiwi nyekundu. Inafunga tu, pole pole.

Sechelela hakumwambia mtu. Alijisemea, nikisema sioni, wifi atatafuta mwingine wa kumng'oa, na hapa hakuna mwingine mwenye mkono kama wangu. Watamtoboa jicho. Bora mimi na vidole vyangu.

Basi akawa anang'oa kwa kupapasa. Na kuna asubuhi alipapasa, akang'oa, akapapasa, akang'oa, na ukope mmoja ukabaki. Mmoja tu, mfupi, mgumu, pembeni.

"Wifi, umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Safi?"

Sechelela akasita kidogo. "Safi."

Mbumi akapepesa, na ukope ukamkwaruza.

Alijua. Alikuwa amekwisha kuona wifi yake akikosea kizingiti, akimimina uji nje ya bakuli. Alijua kwamba akisema "bado mmoja," Sechelela atajua kuwa siri yake imejulikana, na kibanio kitawekwa chini, na mwanamke huyo asiye na mtoto aliye hai, ambaye kazi yake ya fahari ni moja tu, hatabaki na kitu. Mbumi akafumba jicho ili chozi lisitoke.

"Safi, wifi," alisema. "Kama uso wa mtoto aliyeogeshwa."

Jicho likawa jekundu. Sasa tazameni anayeingia, mtu wa tatu wa kuligusa jicho hili.

Huyu ni Yudesi, mke wa mwana wa Mbumi, msichana mchapakazi, mwepesi wa huruma. Mama yake mzazi alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho mjini, akapewa dawa ya matone ya kutuliza uvimbe. Jicho la mama yake lilipona vizuri mno, akaanza hata kuwatambua mbuzi wake kwa mbali. Dawa ilibaki. Yudesi aliiomba akaja nayo, akaitunza ndani ya kikombe juu ya kabati. Siku dawa ile inatolewa Yudesi alikuwepo, na alisikia kwa masikio yake muuguzi akisema, "Hii ni ya jicho hili peke yake. Usimpe mtu."

Alipoona jicho la mkwewe limewiva kama pilipili, Yudesi alisema, "Mama, njoo. Nina dawa ya hospitali."

"Ya nani?"

"Ya mama. Ilimponya."

"Mama yako alikuwa na ukungu. Mimi nina moto."

"Jicho si ni jicho, mama? Angalia juu."

Akamdondoshea. Na dawa ikafanya kazi! Wekundu ukapungua, maumivu yakapungua. Yudesi akafurahi hata akawa anaimba akitwanga, akaendelea kumdondoshea, asubuhi na jioni. Mume wake aliposema wampeleke mama hospitali, Yudesi alijibu, "Akafanye nini? Huoni anapona?"

Lakini chini ya ule weupe wa kupona palikuwa na weupe mwingine. Juu ya kioo cha jicho, pale ukope ulipokwaruza, nukta ilitokea, ndogo kama punje ya uwele, nyeupe. Ikakua. Mbumi akaanza kukimbia mwanga. Akakaa ndani mchana, kanga kichwani. Sechelela akaja na kibanio chake.

"Wifi, toka juani nikutazame."

Mbumi akatoka. Sechelela akamshika uso kwa mikono miwili, akainama karibu mpaka pumzi zikagusana.

"Unaona nini, wifi?" Mbumi aliuliza. "Niambie. Kuna nini ndani ya jicho langu?"

Sechelela hakuona kitu. Aliona uso kama mtu anavyoona mwezi nyuma ya mawingu. Akasema, "Sioni kibaya."

Na hilo lilikuwa kweli na uongo kwa pamoja.

Siku iliyofuata jicho lilitoa usaha, na Mbumi akapiga kelele iliyowatoa majirani ndani. Wakampakia kwenye pikipiki, Yudesi mbele yake na mwanawe nyuma, mpaka barabara kuu, wakapata gari la kwenda mjini. Sechelela akafuata na gari la baadaye. Hakuna aliyeweza kumzuia.

Daktari wa macho alitazama kwa muda mrefu.

"Kuna kidonda kwenye kioo cha jicho," alisema. "Ametumia dawa gani?"

Yudesi akaitoa chupa ndani ya kanga. Daktari akaisoma, akaiweka mezani taratibu.

"Dawa hii inazima uvimbe. Haiui vijidudu. Inazima moto, na inawalaza walinzi wa jicho pia. Mwizi akaingia nyumba haina mlinzi."

Waling'oa ule ukope mmoja. Wakamlaza wodini, wakamdondoshea dawa sahihi kila saa, usiku na mchana. Kidonda kilipotulia wakamfanyia ule upasuaji wa kikope aliotakiwa kufanyiwa zamani, na kikope kikakaa sawa. Paka akatoka ndani ya jicho. Lakini kidonda kilipofunga kiliacha kovu jeupe katikati, mlango umezibwa. Mbumi aliona mwanga, na kivuli cha mkono ukipita. Basi.

"Halirudi?" Yudesi aliuliza.

"Kovu halifutiki kwa dawa. Kuna upasuaji wa kubadilisha kioo cha jicho, katika hospitali kubwa zaidi. Tutaandika jina lake. Wanaongoja ni wengi, na kwa jicho kama hili sina ahadi ya kutoa."

Sechelela alikuwa amesimama mlangoni. Alipogeuka kutoka alijigonga kwenye ukingo wa mlango, na daktari akasema, "Na wewe, bibi, njoo hapa."

Wakampasua. Wakatoa lenzi iliyovia, wakaweka nyingine angavu. Kesho yake walipofungua bandeji, Sechelela aliona dirisha, akaona nzi juu ya dirisha na miguu yake. Akageuza uso kwenye kitanda cha pili, akaona jicho la kulia la wifi yake, na ndani yake lile kovu.

Mbumi alisikia pumzi ya wifi yake imekatika. "Unaona nini, wifi?"

Safari hii Sechelela aliona.

Wakarudi kijijini. Fimbo ya mkole ikakatwa, ikamenywa gome, ikapewa Mbumi. Watu wakakusanyika mbele ya tembe yake, na aliyesimamia sheria ya macho alikuwa bibi mmoja mkali, Bibi Nhonya, ambaye hakuwahi kumbembeleza hata mjukuu wake.

"Mbumi ameshika ncha ya nyuma," alisema. "Nani anashika ya mbele?"

Mikono mitatu ikanyooka kwa pamoja. Watu wakaguna, kwa sababu siku nyingine zote mikono ilikuwa ikifichwa.

Sechelela alisema: "Ni mimi. Ukope niliuacha mimi. Nilijua sioni nikasema naona. Nilishika jicho la mtu kwa mikono ya kipofu. Kama ukope usingebaki, kidonda kingetoka wapi? Na sasa nina macho mapya. Yana kazi gani, kama si hii?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Miaka yote aling'oa yeye. Bila yeye jicho lingekwisha zamani."

"Subiri zamu yako," Bibi Nhonya akasema.

Yudesi, mtoto mgongoni, alisema: "Ni mimi. Mkwaruzo mmoja ungeweza kupona, daktari alisema. Ni dawa yangu iliyomfungulia mwizi. Niliambiwa usimpe mtu, nikampa. Mume wangu alisema hospitali, nikamkatalia. Shangazi hakuona. Mimi nilikuwa na macho mawili mazima."

"Na mtoto huyo?" Bibi Nhonya akauliza. "Na shamba? Utaongoza kipofu kwa mkono upi?"

"Nitamhamishia mtoto upande wa pili."

Vijana wakacheka. Yudesi hakucheka.

Wa tatu alikuwa Chilewa, muuguzi. Habari ilimfikia akaja mwenyewe kwa pikipiki, hakuitwa na mtu. Alisema: "Ni mimi. Hao wawili walikosea kwa kutojua yote. Mimi nilikuwa najua. Alikuja mbele yangu, jicho zima, akiwa tayari. Swali moja tu lilitosha, na sikuliuliza. Angeshonwa siku ile, pasingekuwa na ukope wa kusahaulika wala dawa ya kuazima. Nikabidhini fimbo. Nitaishi naye mjini, karibu na hospitali, jina lake likiitwa tuwepo."

Mama mmoja akapaza sauti: "Na wewe ukishika fimbo, nani atatupima sisi? Utamwongoza mmoja utuache sote tupofuke?"

Chilewa akainamisha kichwa.

"Usimfokee," Sechelela akasema. "Angeulizaje, wakati mimi nilificha kila kitu? Nilizing'oa zote alfajiri ile."

"Ulizing'oa kwa mapenzi, shangazi," Yudesi akasema.

"Nawe dawa uliitia kwa chuki?"

Ndipo Bibi Nhonya akapiga mguu chini. "Nyamazeni. Kuna wa nne, na hamumtaji." Akamgeukia kipofu. "Mbumi. Mbele ya muuguzi ulijua kope zimeng'olewa. Ulisema?"

"Sikusema."

"Ukope ulipobaki, uliusikia?"

"Niliusikia."

"Ukasema nini?"

Mbumi aliishika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, "Nilisema safi."

Upepo ukapita, vumbi likainuka, na kwa desturi watu wote wakafunika macho yao, isipokuwa yeye.

"Basi sheria mnaijua," Bibi Nhonya akasema. "Aliyejiharibia mwenyewe hutembea peke yake."

"Alinionea huruma!" Sechelela akalia. "Huruma ni kosa?"

"Na hao watatu walikuwa na nini, kama si huruma na haraka? Sheria haiulizi moyo. Inauliza mkono wa nani."

Mikono mitatu bado imenyooka. Mbumi akasikia jua usoni, akajua saa za kuchota maji kisimani zinapita. Akasema, "Kama ni mimi, nipisheni. Nina kiu, na mtungi wangu mtupu." Akajitwika mtungi. Akainyoosha fimbo mbele yake, akapiga hatua.

Kisima kiko ng'ambo, nanyi mnajua kuwa kabla ya kisima kuna korongo. Sechelela anamtazama Bibi Nhonya. Yudesi anamtazama Bibi Nhonya. Chilewa anamtazama Bibi Nhonya. Bibi Nhonya anawatazama watu, na watu wanawatazama ninyi.

Ncha ya mbele imegonga jiwe la kwanza. Semeni upesi, anakwenda. Je, nani alistahili kuishika?